Nani anaamua kushtaki? Tathmini ya huduma ambayo mtumiaji hachagui mtoaji wake

Huduma ninayoitathmini hapa haina tangazo wala mshindani, na anayeihitaji hapewi nafasi ya kuchagua mtoaji. Ni huduma ya uamuzi wa mashtaka, yaani ile kazi ya kulitazama jalada la upelelezi na kusema kama mtu fulani afikishwe mahakamani, kwa kosa lipi, au aachwe. Karibu kila nchi imeigawa kazi hiyo kati ya polisi na waendesha mashtaka, ingawa mipaka ya mgawanyo huo inatofautiana sana. Nimeipima kama ambavyo mtu angeipima huduma nyingine yoyote ya umma: inaahidi nini, inatoa nini, inachukua muda gani, na anayetoka bila kuridhika anaelekezwa wapi. Watumiaji wake wakuu wana masilahi yanayokinzana. Mlalamikaji anataka kesi iende mbele, mtuhumiwa anataka kujua hatima yake, na mahakama inataka kuletewa kesi inayosikilizika badala ya jina la mtu na tuhuma.

Kipimo nilichokitegemea kuliko vingine ni hiki. Wengi hupima mfumo kwa kuuliza ni nani mwenye neno la mwisho kati ya polisi na mwendesha mashtaka, na swali hilo hupata majibu mazuri sana katika katiba na sheria. Mimi nimetazama zaidi siku ambayo jalada linarudishwa. Mwendesha mashtaka amelisoma, ameona ushahidi hautoshi, na amelirudisha kwa mpelelezi. Yanayotokea kuanzia hapo, nani anaarifiwa, kwa muda gani, na mtuhumiwa yuko wapi wakati huo, ndiyo yanayoonyesha kama mgawanyo wa kazi upo kweli au upo katika karatasi tu.

Sababu ya kugawa kazi hii ni ya msingi na si ya heshima za ofisi. Polisi humkamata mtu kwa shaka yenye sababu, na kiwango hicho ni cha chini kwa makusudi, kwa kuwa upelelezi usingeweza kuanza kama kila ukamataji ungesubiri uthibitisho. Mahakama kwa upande wake haimtii mtu hatiani mpaka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi. Kati ya viwango hivyo viwili kuna pengo kubwa, na mtu lazima asimame katika pengo hilo aulize maswali mawili: je, ushahidi uliopo unaweza kuaminiwa na mahakama, na je, kushtaki kuna manufaa kwa umma? Swali la kwanza likijibiwa hapana, la pili halina haja ya kuulizwa, hata kosa liwe zito kiasi gani. Mpelelezi aliyekesha akitafuta mashahidi si mtu mwovu anapoamini kwamba amempata mhusika, lakini imani hiyo ndiyo inayomfanya asiwe mtu bora wa kuupima udhaifu wa kazi yake mwenyewe.

Toleo la zamani la huduma hii, ambamo polisi walipeleleza, wakashtaki na kuendesha kesi, lilidumu muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Uingereza na Wales zilikuwa na Mkurugenzi wa Mashtaka tangu karne ya 19, kwa sheria ya mwaka 1879, lakini alishughulika na sehemu ndogo tu ya kesi, na nyingine zote ziliendelea kuwa mikononi mwa polisi na mawakili waliowakodi. Ni baada ya ripoti ya tume ya kifalme ya mwaka 1981 na sheria ya mwaka 1985 ndipo Crown Prosecution Service, ofisi ya mashtaka iliyo nje ya polisi, ilipoanza kazi mwaka 1986. Mfumo huo nitaukalia kwa kirefu, kwa sababu umerekebishwa mara nyingi na kila rekebisho linaonyesha kasoro ya lililotangulia.

Toleo la mwaka 1986 lilikuwa nusu ya mgawanyo. Polisi waliendelea kumfungulia mtu mashtaka wenyewe, kisha jalada likapelekwa kwa wakili wa mashtaka ambaye alikuwa na mamlaka ya kuendelea na kesi, kubadilisha shtaka au kuifuta. Kwa mtumiaji, mpangilio huo ulikuwa mbaya kuliko unavyosikika. Mtuhumiwa alikwisha kutangazwa kuwa mshtakiwa, jina lake likasomwa mahakamani, halafu baada ya wiki kadhaa akaambiwa kwamba kesi imefutwa au kosa limepunguzwa. Mlalamikaji naye aliona polisi wakimwamini na mwanasheria asiyemjua akimwangusha. Ofisi mpya ikapata sifa ya kufuta kesi, ilhali mara nyingi ilikuwa inasahihisha mashtaka ambayo hayakupaswa kufunguliwa kwa namna ile.

Sheria ya mwaka 2003 iligeuza mpangilio huo. Tangu hapo, katika makosa mazito na yale ambayo mtuhumiwa anatarajiwa kuyakana, wakili wa mashtaka ndiye anayeamua shtaka kabla halijafunguliwa, na polisi wamebaki na makosa madogo pamoja na baadhi ya makosa ya kati ambayo mtuhumiwa anatarajiwa kuyakiri. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko moja lenye thamani kubwa kuliko mengine yote katika mfumo huo, kwa kuwa lilihamisha uchujaji kutoka baada ya madhara hadi kabla yake. Kipimo cha ushahidi kimeandikwa wazi: lazima pawe na matarajio halisi ya mtu kutiwa hatiani, maana yake mahakama yenye kufuata sheria ina uwezekano mkubwa zaidi wa kumtia hatiani kuliko kumwachia. Kuna pia kipimo cha dharura, cha chini kidogo, kwa mtuhumiwa ambaye ni hatari kumwachia na ambaye ushahidi dhidi yake bado unatarajiwa kuongezeka. Kipimo hicho ni cha lazima, na ni cha kuchungwa, maana mlango wa dharura ukizoeleka hugeuka kuwa mlango wa kila siku.

Gharama ya uchujaji wa mapema ni kusubiri. Sheria ya upelelezi ya mwaka 1984 inawapa polisi wa Uingereza na Wales saa 24 za kumshikilia mtu bila kumfungulia mashtaka, saa 36 kwa idhini ya ofisa mwandamizi, na hadi saa 96 kwa idhini ya mahakama, katika makosa mazito. Muda huo hautoshi kuipekua simu moja sawasawa. Kwa hiyo mtuhumiwa huachiwa kwa dhamana ya polisi na jalada linaendelea kuzunguka. Mwaka 2017 Bunge lilijaribu kuzuia dhamana hizo zisizokwisha kwa kuweka ukomo wa kwanza wa siku 28 na kuifanya dhamana kuwa jambo la nadra. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa: polisi wakaanza kuwaachia watu bila dhamana lakini wakiwa bado chini ya upelelezi, hali isiyokuwa na ukomo wowote wala masharti ya kumlinda mlalamikaji. Sheria ya mwaka 2022 ikalazimika kurudi nyuma. Tukio hilo linafaa kukumbukwa na kila anayependekeza ukomo wa muda, kwa sababu ukomo uliowekwa katika njia moja huku njia ya pembeni ikiachwa wazi huwahamishia watu kwenye njia ya pembeni tu.

Kasoro nyingine ya mfumo huohuo ilionekana hadharani mwezi Desemba 2017, kesi ya ubakaji mjini London ilipoporomoka baada ya kubainika kwamba ujumbe uliokuwa katika simu ya mlalamikaji, uliokuwa mikononi mwa polisi muda wote, ulimsaidia mshtakiwa na haukuwa umekabidhiwa kwa utetezi. Simu ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya ujumbe. Hapa ndipo mgawanyo wa kazi unapovuja. Wajibu wa kuwakabidhi mawakili wa utetezi kila kinachodhoofisha upande wa mashtaka ni wa mwendesha mashtaka, lakini mwenye kabati la vielelezo ni polisi. Mwendesha mashtaka hawezi kukabidhi asichokiona, na mpelelezi asiye mwanasheria ndiye anayeamua kipi kina umuhimu na kipi hakina. Mwongozo uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2020 ulisogeza mbele orodha za vielelezo ambavyo upande wa mashtaka hautavitumia, ili wakili azione kabla ya kuamua shtaka. Hatua hiyo iliongeza kazi kwa polisi, na wapelelezi wengi hawakuipenda, lakini kama mtathmini sioni namna nyingine ya kuifanya huduma iaminike. Kumwomba mtu aamue shtaka akiwa ameona upande mmoja wa jalada ni kumpa mamlaka bila taarifa.

Uskoti, iliyo jirani, haikuwahi kuwa na tatizo la polisi kuamua mashtaka kwa sura hiyo. Huko polisi hutoa taarifa kwa mwendesha mashtaka wa eneo, aitwaye Procurator Fiscal, naye huamua. Mashtaka mahakamani ni ya ofisi ya Lord Advocate, mkuu wa mashtaka wa Uskoti, si ya polisi.

Afrika Mashariki imeandika baadhi ya vifungu vilivyo imara kuliko vingi nilivyovisoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 157, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka ya kuanzisha kesi, kuzichukua na kuzisimamisha, inasema hahitaji idhini ya mtu yeyote ili kuanza kesi, na inamtaka azingatie masilahi ya umma, utendaji wa haki na haja ya kuzuia taratibu za kisheria zisitumiwe vibaya. Inampa pia mamlaka ya kumwelekeza Inspekta Jenerali wa polisi kupeleleza taarifa yoyote ya uhalifu, na Inspekta Jenerali hana budi kutii. Kinachonivutia zaidi ni sharti kwamba kesi iliyokwisha kufunguliwa haiwezi kusimamishwa bila ruhusa ya mahakama, kwa kuwa sharti hilo linamlazimisha mwenye mamlaka kueleza sababu zake mbele ya hakimu, mlalamikaji akisikia.

Hata hivyo Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 245, inalinda uhuru wa polisi katika upelelezi wa kosa lolote mahususi. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuamuru upelelezi uanze, lakini si yeye anayewapangia wapelelezi kazi, anayewapandisha vyeo wala anayewahamisha. Mivutano ya hadharani kuhusu nani anaandaa hati ya mashtaka na nani anaipeleka mahakamani, ambayo Wakenya wameishuhudia kati ya wapelelezi wa jinai na ofisi ya mashtaka, haikutokana na katiba kukosa jibu, jibu limo. Ilitokana na pengo la kiutendaji kati ya anayekusanya ushahidi na anayeutathmini, kila mmoja akiwa na bosi wake, bajeti yake na msemaji wake mbele ya waandishi wa habari. Mkutano wa wanahabari unaotangaza kwamba kesi imekamilika kabla wakili hajaliona jalada ni kasoro ya huduma, na siioni kama uwazi. Humfanya wakili aonekane msaliti akisema ukweli kuhusu ushahidi.

Tanzania ilichukua njia ya kuondoa uendeshaji wa mashtaka mikononi mwa polisi hatua kwa hatua, kupitia Sheria ya Huduma za Mashtaka ya mwaka 2008, na Katiba yake katika Ibara ya 59B inamtambua Mkurugenzi wa Mashtaka na kumtaka awe huru. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kanuni kwamba mashtaka katika mahakama za chini yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, huku makosa mazito yakiachwa nje ya kanuni hiyo. Nasifu sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo na naitilia shaka ya pili. Kauli kwamba upelelezi haujakamilika na upande wa mashtaka unaomba tarehe nyingine ni maarufu mno katika mahakama hizo, na humwumiza zaidi mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lisilo na dhamana, kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha. Huyo hawezi kusubiri akiwa nyumbani, anasubiri mahabusu. Kuliacha nje kundi ambalo kusubiri kwake ndiko kunakogharimu zaidi ni kulitibu tatizo pale lilipo jepesi. Hoja ya upande wa pili ipo na ina uzito: mtuhumiwa wa mauaji hawezi kuachiwa mitaani kwa sababu ripoti ya maabara imechelewa. Lakini jawabu la hoja hiyo ni ratiba ya maabara inayosimamiwa na mahakama, si kimya.

Katika bara la Ulaya mpangilio unabadilika kabisa, maana mwendesha mashtaka ndiye mkuu wa upelelezi. Nchini Ufaransa polisi wanaopeleleza makosa hufanya kazi chini ya maelekezo ya procureur, yaani mwendesha mashtaka, na humpigia simu aliye zamu kumweleza kesi ikiwa bado ya moto. Naye, kwa simu hiyohiyo, huweza kuamua mtu afikishwe mahakamani, aachiwe au upelelezi uendelee. Kumshikilia mtu zaidi ya saa 24 za mwanzo kunahitaji idhini yake. Makosa mazito kabisa lazima yapitie kwa hakimu mpelelezi. Kwa kipimo changu cha jalada lililorudishwa, mfumo huu una faida ya wazi: jalada halina safari ndefu ya kurudi, kwa kuwa mwenye kuuliza swali ndiye mwenye kumwelekeza anayelijibu. Hasara yake ni kwamba anayeelekeza upelelezi tangu siku ya kwanza hupoteza umbali uleule ambao ndio sababu ya kumweka. Na uamuzi wa dakika chache kwa njia ya simu, unaotegemea muhtasari wa ofisa wa polisi, ni uamuzi wa mwanasheria kwa jina na wa polisi kwa maudhui, hasa zamu inapokuwa na simu nyingi.

Ujerumani nayo humweka mwendesha mashtaka juu ya upelelezi na, kwa kanuni, humlazimisha kushtaki ushahidi unapotosha, isipokuwa sheria ikimruhusu kuachilia, kwa mfano pale ambapo kosa ni dogo na hakuna masilahi ya umma katika kushtaki. Katika makosa ya kila siku, kwa vitendo, polisi hupeleleza wenyewe na kulipeleka jalada likiwa limekamilika. Italia imekwenda mbali zaidi na kuuandika wajibu wa kushtaki katika Ibara ya 112 ya katiba yake. Wajibu wa namna hiyo unapendeza kwa mlalamikaji, ila majalada yakizidi uwezo wa ofisi, uchaguzi hufanyika tu, safari hii kupitia foleni badala ya sababu zilizoandikwa.

Norway ndiyo iliyonifanya nipunguze imani yangu katika kuta ndefu kati ya ofisi hizi mbili. Huko wanasheria wenye mamlaka ya mashtaka wako ndani ya polisi, wanakaa na wapelelezi, na huamua kesi nyingi za kawaida. Kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba usalama wa raia uko katika majengo tofauti, hili linaonekana kama kurudi kwenye toleo la zamani. Siyo. Katika masuala ya kesi za jinai wanasheria hao wanawajibika kwa waendesha mashtaka wa juu, hadi kwa Riksadvokaten, mkuu wa mashtaka wa nchi, na si kwa mkuu wao wa polisi, na kesi nzito huamuliwa nje ya polisi. Muhimu ni nani anayeweza kumwambia mwanasheria huyo afute au afungue shtaka, na kama anayeweza kumwambia hivyo ana cheo cha polisi. Ukaribu wa madawati huokoa muda wa jalada. Tofauti ya mamlaka huokoa uhuru wa uamuzi. New Zealand, ambako polisi huendesha kesi nyingi ndogo kupitia kitengo chao chenyewe cha mashtaka, iko karibu na wazo hilo, ingawa mstari wa uwajibikaji huko unabaki ndani ya polisi na kwa hiyo naupa alama ndogo.

India inashikilia upande wa pili wa mjadala. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2000 kwamba polisi ndio wanaounda maoni yao kuhusu kulipeleka jalada la mashtaka, na kwamba mwendesha mashtaka si sehemu ya upelelezi. Anayeyapima maoni hayo ni hakimu. Faida ya mpangilio huo ni kwamba mpimaji ni mahakama yenyewe. Hasara ni kwamba mwanasheria anaingia baada ya ushahidi kuganda, wakati ambapo shahidi aliyesahauliwa amekwisha kuhama na alama ya kidole imekwisha kufutika.

Japani inahitaji tahadhari kwa anayevutiwa na takwimu. Waendesha mashtaka wake wana hiari kubwa ya kutoshtaki hata ushahidi ukiwepo, na kati ya wanaofikishwa mahakamani zaidi ya asilimia 99 hutiwa hatiani. Mtu anaweza kuisoma namba hiyo kama ushahidi wa kichujio bora. Lakini kabla ya kichujio, polisi wana saa 48 za kumpeleka mtuhumiwa kwa mwendesha mashtaka, naye ana saa 24 za kuomba kizuizi, kisha jaji anaweza kutoa siku 10 na nyingine 10, jumla siku 23 kabla ya shtaka, huku mahojiano yakiendelea bila wakili kuwapo chumbani kama haki. Kichujio kinachopokea maungamo yaliyopatikana katika mazingira hayo kinapima kilicholetwa, hakipimi kilivyopatikana. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu wajibu wa waendesha mashtaka, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inawataka wakatae ushahidi wanaojua au wanaoamini kwa sababu za msingi kwamba umepatikana kwa njia haramu zinazokiuka sana haki za mtuhumiwa. Mwendesha mashtaka anayepokea maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa kwa polisi, bila kuuliza yaliandikwa saa ngapi, wapi na mbele ya nani hajatoa huduma, amepiga muhuri.

Japani hiyohiyo, hata hivyo, ina njia ya malalamiko niliyoiona kuwa ya pekee. Mlalamikaji asiyeridhika na uamuzi wa kutoshtaki anaweza kuupeleka mbele ya kamati ya raia 11 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, utaratibu uliopo tangu mwaka 1948. Tangu mwaka 2009, kamati ikisema mara mbili, kwa kura zisizopungua 8, kwamba mtu ashtakiwe, shtaka linakuwa la lazima na mawakili walioteuliwa na mahakama huliendesha. Ndivyo viongozi watatu wa zamani wa kampuni ya umeme ya TEPCO walivyofunguliwa mashtaka mwaka 2016 kuhusu ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, baada ya waendesha mashtaka kukataa, na mahakama ya Tokyo ikawaachia huru mwaka 2019. Wapo watakaosema kwamba matokeo hayo yanathibitisha kuwa wataalamu walikuwa sahihi. Mimi naona yanaonyesha bei halisi ya njia hiyo: mlalamikaji alisikilizwa hadharani, na washtakiwa walibeba miaka ya kesi ambayo wataalamu walikuwa wameona haitasimama. Njia ya malalamiko ambayo haina gharama kwa upande wa pili haipo.

Kwingineko njia hizo ni za wastani. Uingereza na Wales ziliweka haki ya mlalamikaji kuomba uamuzi upitiwe upya mwaka 2013, baada ya mahakama ya rufani kuitambua haki hiyo mwaka 2011. Ni nafuu na rahisi kutumia, ingawa mpitiaji ni ofisi ileile kwa ngazi nyingine. Ujerumani humruhusu mwathirika kulalamika kwa mwendesha mashtaka wa juu na kisha mahakamani, kwa muda mfupi na masharti magumu. Afrika Kusini hutoa cheti kwamba serikali haitashtaki, na mwenye masilahi binafsi katika jambo hilo anaweza kukitumia kufungua kesi mwenyewe. Mtuhumiwa aliyefunguliwa mashtaka dhaifu ana njia chache kuliko mlalamikaji aliyenyimwa mashtaka, na tofauti hiyo haizungumzwi vya kutosha. Yeye hungoja mahakama iseme kwamba hana kesi ya kujibu, wakati mwingine baada ya miaka.

Narudi kwenye jalada lenyewe, maana hapo ndipo huduma nzuri na mbaya zinapotofautiana kwa jambo ambalo halihitaji kubadilisha katiba. Jalada lililorudishwa vibaya lina sentensi moja: upelelezi ukamilishwe. Mpelelezi hajui anachotakiwa kuleta, anaongeza maelezo ya shahidi yuleyule kwa maneno mengine, analipeleka tena, linarudi tena. Jalada lililorudishwa vizuri linataja kipengele cha kosa ambacho hakijathibitishwa, shahidi au kielelezo kinachohitajika kukithibitisha, tarehe ya kulirejesha, na jina la wakili atakayelipokea. Linasema pia kinachofuata iwapo ushahidi huo hautapatikana, yaani kama shtaka litashushwa hadi kosa dogo au mtu ataachiwa. Nchi zenye kuta ndefu huweza kufanya hivyo, na nchi zenye madawati yaliyopakana huweza kushindwa.

Ushauri wa mapema ni sehemu ya pili ya jambo hilohilo. Wakili anayeulizwa siku ya tatu ya upelelezi kuhusu kosa la udanganyifu atasema nyaraka za benki ziombwe sasa. Akiulizwa mwezi wa sita atasema tu kwamba zilipaswa kuombwa. Hofu kwamba ushauri huo utamgeuza kuwa mpelelezi ni halali, na dawa yake ni kuuandika na kuuweka katika jalada, ili atakayeamua shtaka katika kesi kubwa awe wakili mwingine anayeuona ushauri huo pamoja na matokeo yake.

Kwa alama, nauweka juu mfumo wa Uingereza na Wales wa baada ya mwaka 2003 kwa uchujaji wa kabla ya shtaka na kwa kipimo kilichoandikwa waziwazi, na naupunguzia alama kwa kusubiri na kwa historia yake ya vielelezo. Naipa Norway alama ya juu kwa muda wa jalada. Kenya nimeipa alama kamili kwa sharti la ruhusa ya mahakama katika kufuta kesi, na alama ndogo kwa mivutano ya hati za mashtaka. Tanzania ingepanda sana kama kanuni ya upelelezi kukamilika ingewafikia, kwa ratiba inayosimamiwa na hakimu, wale walio mahabusu kwa makosa yasiyo na dhamana.

Mlalamikaji au ndugu wa mtuhumiwa anayefika kuulizia kesi ataipima huduma ya mahali alipo kwa maswali manne: jalada liko kwa nani leo, limekaa hapo tangu tarehe gani, nini hasa kiliombwa liliporudishwa, na nani ataamua likirejea. Ofisi isiyoweza kuyajibu hayo manne bila kumtuma kwenye ofisi ya pili haijagawana kazi na ofisi hiyo. Imegawana sababu za kuchelewa.